Getruda Asoma Mshale

Katika gereji zote za Tabora, na tuseme ukweli zilikuwa chache, hakuna mkono uliosifiwa kama mkono wa kulia wa Nikolaus. Watu walisema fundi huyu akishika spana huzungumza na bolti. Hayo ni maneno ya watu. Nikolaus mwenyewe hakuwa mtu wa mazungumzo, si na bolti wala na binadamu. Alichokuwa nacho ni mkono unaojua. Akikaza bolti za kichwa cha injini, mkono ulimwambia: bado, bado kidogo, hapo hapo. Naye aliachia. Lori likaenda Ujiji likarudi, likaenda Mwanza likarudi, na hakuna tone la maji lililovuja njiani.

Wanyamwezi wanapenda sana sifa za namna hiyo. Babu yake Nikolaus alikuwa mpagazi kwenye njia ya zamani ya misafara, na ukoo mzima ulisimulia jinsi alivyokuwa akiinua mzigo mara moja tu, akiushusha, na kumwambia mwenye mali kwamba umezidi. Mizani ikiletwa, kweli umezidi. Nikolaus alilelewa katika majivuno hayo. Alipoingia karakana ya reli akiwa kijana alikuta mizani na rula za kila namna, akazitumia kwa adabu kama mtu anavyokaa mbele ya mkwe, lakini moyoni aliamini mkono.

Basi mkono huo ndio uliokufa.

Haukukatika, na mtu akiutazama haoni kitu zaidi ya kovu. Ilikuwa masika ya mwaka ule, Malkia wa Waingereza akiwa bado mgeni kwenye stempu, jeki ikateleza, springi ya lori ikafyatuka na kumpiga kwenye kifundo cha mkono. Hospitalini walimshona vizuri na jeraha likafunga. Vidole vilikunja, vilishika, vilivuta. Ila havikuleta habari tena. Akishika kikombe cha chai ya moto ilikuwa sawa na kushika jiwe la mtoni. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umekatika, huenda ukarudi, huenda usirudi. Nikolaus alipofika nyumbani Cheyo alimwambia mkewe, Getruda, kwamba amepona.

Alikuwa na sababu mbili za kuficha. Ya kwanza ni kazi. Fundi wa injini asiyesikia kwa mkono ni wa kurudishwa Usoke akalime tumbaku, na Nikolaus alikuwa ameondoka Usoke kijana mwembamba, hakutaka kurudi mzee aliyeshindwa. Sababu ya pili hakuisema hata kwa padre. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, alikuwa na desturi ya kumgusa Getruda shavuni, haraka haraka, kama mtu anayefuta vumbi. Tangu masika alikuwa akigusa na kuona kama amegusa ukuta. Aliogopa kwamba akisema, mkewe atamwonea huruma, na huruma ya mke ni kitu ambacho Nikolaus hakujua angekiweka wapi.

Gereji ilikuwa ya Abasi, Mwarabu wa Tabora mjini, mtu mnene mwenye moyo mwema na sauti ya mnadani. Wakati huo lori lake kubwa lilikuwa limefunguliwa injini. Lilitakiwa kwenda misitu ya Ukonongo na warina asali, wanaume ishirini na kitu pamoja na madebe yao, siku kadhaa ndani ya pori lenye ndorobo na pasipo maji. Kichwa cha injini kikikazwa ovyo huko, gasketi inayoziba chini yake inaungua, maji yanakwisha, na watu wanabaki kuangaliana. Nikolaus alilijua hilo. Wiki moja kabla, alikuwa amekaza plagi ya gari dogo mpaka uzi wake ukasagika, na mkono haukumwambia neno. Jilala, fundi mwenzake kutoka Choma, aliona.

"Leo Mnyamwezi amekula ugali wa nani?" Jilala alimtania. "Unataka kuing'oa dunia?"

Nikolaus alicheka. Kisha akaenda kwa Abasi kuomba spana ya kipimo.

"Wewe?" Abasi alishangaa. "Fundi Niko, wallahi, mkono wako ndio kipimo!"

"Injini za siku hizi zina kitabu, bwana. Na kitabu kina namba."

Alisema kweli, ila si kweli yote. Abasi aliagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, na baada ya muda treni ikaleta sanduku lenye spana mbili. Mchague moja, aliagiza yule bwana, nyingine irudi na treni.

Ya kwanza ilikuwa nene, inang'aa, na mpini wake umezungukwa na namba zilizochongwa. Unazungusha mpini mpaka namba unayoitaka, kisha unakaza. Ikifika pale inakatika kidogo ndani, ta, na mkono unashtuka kama mguu uliokanyaga ngazi ambayo haipo. Ya pili ilikuwa chuma kirefu chembamba, na juu yake umelala ufito mwembamba kuelekea kibao cha namba karibu na mpini. Ukivuta, chuma kinapinda kidogo, ufito haupindi, na ncha yake inasogea juu ya namba kama mshale. Hiyo ndiyo habari yake yote.

"Hii!" Abasi aliinua ile inayong'aa. "Hii ni ya kisasa. Hiyo nyingine ni ya kukorogea pilau."

Nikolaus naye aliipenda ile inayong'aa. Alibana bolti kwenye jiliwa, akaweka namba, akavuta. Akavuta. Akaendelea kuvuta.

"Mzee," Jilala alisema taratibu, "imeshalia."

Mkono haukusikia. Na sikio pia halikusikia, kwa sababu miaka aliyopiga ribiti kwenye matangi ya garimoshi ilikuwa imemla masikio, na sauti ndogo kama ile haikupita. Nikolaus akaichomoa spana kwenye bolti.

"Nilitaka kuona ukivuta zaidi inakuwaje," alisema.

Jilala alimtazama kidogo, kisha akatazama pembeni. Alikuwa mtani, lakini hakuwa mtu mbaya.

Nikolaus akachagua ile ya mshale, na sababu alizotoa mbele ya Abasi zilikuwa sababu nzuri, hata kama haikuwemo ile kubwa. "Hii inayolia ina springi ndani," alisema. "Kila ukimaliza kazi lazima uilegeze mpaka namba ya chini kabisa. Ukiisahau imekazwa, springi inachoka, na namba zinaanza kukudanganya nawe huoni. Ikichoka hapa Tabora nani ataipima? Ila hii haina kitu ndani. Ikiugua inaonekana kwa macho, mshale haukai kwenye sifuri. Unaurudisha kwa kidole, polepole, basi."

"Haya, ya pilau," alisema Abasi. "Mimi sikazi, nalipa tu."

Nikolaus akaitungia spana ile sheria, na mtu mkimya akitunga sheria huwa hana mzaha. Haifungulii nati, inakaza tu. Hailali chini ya spana nyingine. Haishikwi kwa mshale. Inafutwa kwa kitambaa kikavu, na kabla ya kazi inatazamwa kama mshale umekaa sifuri. Siku Jilala alipoinyanyua ili afungulie nati ya gurudumu iliyoshika kutu, Nikolaus alipiga ukelele uliomwamsha Abasi aliyekuwa akisinzia dukani ng'ambo ya barabara.

Nyumbani, Getruda aliishonea mfuko wa kaniki. "Kitu gani hiki kinachotandikiwa vizuri kuliko sisi?" aliuliza, akakata uzi kwa meno.

Uani kwao kulikuwa na kipande cha reli kuukuu kilichofukiwa ardhini kikasimama wima, Nikolaus alikitumia kunyooshea vyuma. Kilikuwa na tundu pembeni. Hapo alipitisha bolti na nati akawa anajizoeza jioni, akirudi kazini jua likiwa bado juu. Aligundua shida mpya upesi. Mshale ukitazamwa kwa upande unadanganya, lazima jicho liwe juu yake sawasawa, na mtu anayevuta kwa nguvu hawezi kuwa na kichwa juu ya kibao. Isitoshe, macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kuzeeka.

Getruda alikuwa akichambua mchicha. Alimwona mumewe akiinama, akivuta, akiinama tena, kama kuku anayekunywa maji. Akaweka ungo chini, akaja, akasimama juu ya kibao.

"Ishirini," alisema. Alikuwa amesoma kwa masista na namba hazikumtisha. "Ishirini na tano. Thelathini. Vuta basi, Baba Flavia, mbona unaogopa? Thelathini na tano. Arobaini. Simama!"

Nikolaus akasimama. Mlio wa ile spana nyingine haukumwingia, lakini sauti hii aliisikia kana kwamba inatoka ndani ya kifua chake. Ilikuwa imemwita kwa miaka mingi, katikati ya mvua, ngoma na kilio cha watoto, na masikio yake yaliyoharibika yalikuwa yameihifadhia nafasi. Jioni nyingine akamwomba tena. Hakusema kwa nini, na Getruda hakuuliza. Wake waliokaa sana na waume zao hawaulizi kila wanachokiona; vingine wanaviacha vijisemee vyenyewe.

Siku ya kufunga kichwa cha injini ikafika. Nikolaus alifanya kama alivyofanya maisha yake yote. Alisafisha uso wa injini, akalaza gasketi, akashusha kichwa, kisha akatoa mfukoni donge la nta na kuzipaka bolti moja moja. Mafundi wengi wa Tabora walifanya hivyo. Nta haikuwa shida kwao, misitu imejaa mizinga, na bolti iliyopakwa nta haishiki kutu na siku ya kufungua haisumbui. Nta ya Nikolaus ilitoka kwa baba mkwe, mrina wa miaka mingi, aliyemletea donge kila msimu tangu alipomwoa Getruda. Aliipenda harufu yake.

Akaanza kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, akiinama kusoma. Kitabu kilitaka ratili sitini na tano kwa mpini wa futi moja. Alipofika mzunguko wa mwisho, bolti ya tatu ilikwenda vizuri, kisha mshale ukagoma kupanda huku bolti inaendelea kuzunguka, laini, laini mno, na ghafla spana ikaenda bure. Bolti ilikuwa imekatika shingoni.

Nikolaus akafungua zile nyingine akazilaza juu ya meza kando ya bolti mpya. Karibu zote zilikuwa zimerefuka. Kidogo tu, unene wa ukucha, lakini chuma kilichorefuka kimekwisha.

"Spana ni ya uongo," alisema Abasi. "Nilisema mimi! Nilisema ni ya pilau, kisha nikanyamaza."

"Au nisaidie, mzee," Jilala akasema. Safari hii hakutania. "Nikaze mimi kwa mkono, kama wewe ulivyonifundisha."

Abasi aliwatazama wote wawili, kisha akakata shauri, na alilikata kwa upole, jambo lililouma zaidi. Bolti nyingine zitakuja na treni ya Jumatatu. Zikifika, Jilala atakaza. Fundi Niko apumzike, mkono wake uliumia vibaya masika, watu wamesahau. "Wapo watu ishirini wanaokwenda porini," alisema. "Siwezi kubahatisha."

Hata Nikolaus mwenyewe asingebahatisha. Alichukua mfuko wake wa kaniki akaenda nyumbani. Alijua kwamba akikabidhi kichwa hiki kwa Jilala, hatakabidhiwa kingine. Alikuwa na muda mpaka Jumatatu wa kujua ni nini kilichoivunja bolti ile: spana, au yeye.

Jumapili, walipotoka misa, alijaza debe maji. Kwenye karakana ya reli walihesabu maji kwa uzito, na jambo hilo halikumtoka kichwani: galoni moja ni ratili kumi, debe ni galoni nne. Alikaza nati kwenye tundu la reli mpaka ikashika kabisa, akaipachika spana ikalala sawa na ardhi, akafunga debe kwa kamba katikati ya mpini. Kutoka kwenye nati mpaka hapo ilikuwa futi moja na nusu, na ratili arobaini mara moja na nusu ni sitini. Kama spana ni ya kweli, mshale utaonyesha sitini na ziada kidogo ya bati la debe.

"Soma, Mama Flavia."

Getruda aliinama na nguo yake ya kanisani. "Sitini," alisema. "Imepita kidogo. Sitini na nne hivi."

Nikolaus akakaa chini palepale, juu ya udongo, na suruali yake ya Jumapili.

"Ni ya kweli," alisema.

"Si vizuri?"

"Si vizuri. Kama spana ni ya kweli, basi ni mimi." Akauinua mkono wa kulia akautazama kana kwamba mtu mwingine ameusahau pale. "Huu mkono hausikii, Getruda. Tangu masika. Nilikudanganya. Daktari hakusema nimepona. Nakushika asubuhi, sijui kama nimekushika." Na Nikolaus fundi, aliyezika wazazi wake bila kutoa chozi mbele za watu, akalia uani kwake mchana kweupe.

Getruda hakusema "najua," ingawa alikuwa anajua. Alikuwa ameona vidole vya mumewe vikiungua kwenye kikombe bila yeye kuviondoa. Alikuwa ameona jinsi asubuhi siku hizi alivyomwangalia shavu wakati wa kuligusa, kama mtu anayelenga. Alikaa kando yake, akamwacha alie mpaka amalize, kwa maana mtu mzima akianza kulia haifai kumkatiza.

Kisha akasema, "Lakini sioni kosa la mkono. Mkono umeambiwa uvute mpaka sitini na tano. Haukufika hata hapo. Si ulisema mshale uligoma?"

"Uligoma."

"Basi mkono umefanya kazi yake, na spana imefanya kazi yake. Imebaki bolti."

"Bolti zilikuwa nzuri. Nilizipaka nta mwenyewe."

"Hii ya hapa umeipaka?"

"Hapana. Hii ni ya kujizoezea tu."

Getruda akaigusa bolti ile kwa kidole. "Baba," alisema, na alikuwa anamsema baba yake mrina, "kamba anayopandishia mzinga juu ya mti hataki iguswe na nta hata kidogo. Akituona tumeishika na mikono yenye nta alikuwa anatuchapa. Anasema inakimbia mkononi. Unadhani umeishika, kumbe inakwenda."

Nikolaus alimtazama. Halafu akainuka upesi mpaka magoti yakalia. Akachukua bolti mbili zilizolingana. Ya kwanza akaikaza kwenye tundu la reli ikiwa kavu, akaweka alama ya chaki kwenye nati, akavuta, Getruda akasoma mpaka arobaini. Alama ilisogea kidogo tu. Ya pili akaipaka nta, akafanya vilevile. Arobaini ile ile, lakini alama ilikuwa imekwenda karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Walisimama wakiitazama chaki ile. Mshale ulikuwa umesema namba sawa, ila bolti ya nta ilikuwa imevutwa zaidi, kwa kuwa hakuna kilichoizuia njiani. Namba ya kitabu haikuhesabu nta ya Tabora. Waliokiandika hawakuwa na baba mkwe mrina.

"Miaka yote nimepaka nta," Nikolaus alisema polepole, "na miaka yote hazikukatika."

"Kwa sababu mkono ulikuwa unajua."

"Ulikuwa unapunguza wenyewe. Na mimi sikujua kwamba unapunguza." Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alihuzunika kama mtu anayesikia wema wa marehemu baada ya mazishi, na wakati huohuo alifurahi, na hakuweza kuzitenganisha hisia hizo mbili. "Ulikuwa mkono mzuri," alisema.

"Mzuri sana," alisema Getruda, na sasa alikuwa akilia yeye.

Jumatatu bolti zilipofika, Nikolaus alisimama mbele ya Abasi na Jilala akasema yote. Mkono hausikii. Masikio hayafai. Spana ni ya kweli, na kosa lilikuwa nta yake mwenyewe. Alisema kwa maneno machache, kama kawaida yake, kisha akaomba jambo moja: akaze yeye, na mkewe asome.

Abasi alikuna ndevu. Mwanamke ndani ya gereji yake lilikuwa jambo ambalo hajawahi kuliwaza. "Kwani Jilala hajui kusoma namba?"

"Anajua," alisema Nikolaus. "Lakini sauti ya Jilala siisikii vizuri. Yake naisikia."

Jilala alitazama chini. Kisha akaenda akaleta sanduku la mbao, akaligeuza, akalifuta vumbi kwa shati lake na kuliweka kando ya bampa ili Getruda apande. "Karibu, shemeji," alisema. "Mumeo akivunja nyingine, namrudisha Usoke mgongoni."

Waliziosha bolti kwa petroli mpaka harufu ya nta ikaisha, wakazitia tone la mafuta ya injini kama kitabu kilivyotaka. Getruda alipanda juu ya sanduku, akakaza khanga kiunoni, akainama juu ya kibao. Nikolaus akavuta.

"Ishirini," alisema. "Basi. Ingine."

Wakaenda hivyo, katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wapita njia walisimama mlangoni. Mmoja akauliza kama siku hizi Abasi amefungua shule ya chekechea, na Jilala akamfukuza. Nikolaus hakuwaona. Alikuwa amefumba macho. Alisikia sauti ile ikipanda taratibu, hamsini, hamsini na tano, sitini, sitini na mbili, na akatambua kwamba anaingoja vilevile alivyokuwa akiungoja mkono wake umwambie: bado, bado kidogo.

"Hapo hapo," alisema Getruda.

Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Nikolaus alifungua macho, na kwa muda hakuweza kuhama kwenda kwenye bolti nyingine.

Lori liliondoka siku ya pili yake, warina wakiimba juu ya madebe matupu. Nikolaus alikwenda kazini kila siku kama kawaida, ila hakuweza kula vizuri, na kila lori lililoingia kutoka upande wa Sikonge lilimfanya anyanyue kichwa. Usiku alilala amekunja ngumi. Getruda alimpikia mlenda wa karanga anaoupenda na yeye akausifu bila kuumaliza.

Liliporudi ilikuwa saa kumi jioni. Lilikuwa jekundu kwa vumbi, limelemewa asali mpaka nyuki waliopotea walikuwa wanalifuata. Dereva aliruka chini akaomba maji ya kunywa, kisha akacheka na kusema injini ndiyo pekee iliyokuwa haina kiu. Hakuiongezea maji hata mara moja kutoka Ukonongo. Abasi akaizunguka boneti yote akitafuta mvujo kwa kidole, asipate, akamgeukia Nikolaus.

"Lile dogo la misheni linakuja kesho kufunguliwa injini," alisema kwa sauti yake ya mnadani. "Fundi Niko, utafunga wewe. Na mwambie Mama Flavia siku ya kukaza asipike, chakula kitatoka kwangu."

Getruda alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amelisikia lori kutoka nyumbani, akaja na unga wa ugali bado mikononi. Walitoka pamoja, wakashika njia ya kwenda Cheyo. Watu walikuwa wengi barabarani saa hiyo, na mume na mke wa umri wao walitakiwa watembee kwa heshima, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo.

"Pita upande huu," alisema Nikolaus, akanyoosha mkono wa kushoto. "Huu unasikia."

Getruda hakupita upande huo. Alimzunguka akaenda kulia, akautwaa mkono uliokufa, akapenyeza vidole vyake katikati ya vidole vya mumewe mbele ya macho ya watu wote wa barabara ile.

"Huo siusikii," alisema Nikolaus.

"Najua."

Walitembea kidogo. Nikolaus aliutazama mkono wake mwenyewe, akaona unga mweupe ukimchafua vidole, lakini kutoka huko hakukuja habari yoyote.

"Umenishika?" aliuliza.

"Nimekushika," alisema Getruda.